Tembo Hawakuingia Kwangu

Jumatatu, 7 Aprili 2025
Tembo wametoka hifadhini jana na kumaliza shamba la Mhoja, jirani yangu. Langu wamelipita. Hawakugusa hata jani! Minza, mke wangu, amepiga magoti kumshukuru Mungu, maana mahindi hayo ndiyo chakula chetu cha mwaka mzima. Mimi sikupiga. Mhoja atalipwa kifuta jasho na serikali, nami nitaendelea kupalilia. Asubuhi alinisalimu "mwangaluka" kwa sauti ya mfiwa. Nikamwitikia kwa huzuni kumshinda.

Jumanne, 8 Aprili
Afisa wanyamapori anakuja Alhamisi kukagua. Wazo! Kitako cha kinu cha Minza kinalingana kabisa na unyayo wa tembo. Nimekijaribu nyuma ya zizi, kimetoa alama safi. Mavi ya tembo nimezoa kwa Mhoja, kiroba kizima. Akauliza ya nini. Nikasema mbolea. Akanisaidia kubeba, mjinga yule.

Jumatano, 9 Aprili
Alfajiri Minza alipokwenda kisimani nikavunja mahindi. Yote! Nusu ingetia shaka. Yalikuwa yameshabeba, na kila bua lililia likivunjika. Nikagonga kinu mpaka mabega yakafa ganzi. Kisha nikapiga mwano, lile yowe la hatari ambalo kila mwanamume akilisikia lazima atoke mbio. Walikuja wote, na mikuki na madebe. Mhoja alinililia! Minza akarudi na ndoo kichwani, akaliona shamba, akakaa chini. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikaona asipoujua atalia vizuri zaidi mbele ya afisa.

Alhamisi, 10 Aprili
Afisa ni Bi Muzdalifa. Mwili mdogo, buti kubwa, hana haraka. Kauliza tembo aliingilia wapi. Nikamwonyesha. Kauliza alipotoka alipitia wapi. Hilo sikulifikiria! Nyayo zinaishia katikati ya shamba. Nikasema labda bado yumo. Watu wote wakageuka kutazama. Hapakuwa na pa kujificha hata kuku. Akasema pia tembo huyu kavunja shamba zima na hajala hindi hata moja. Nikasema huenda amefunga Kwaresima. Minza alikuwa ameinamia zile nyayo. Akaenda jikoni, akarudi na kinu, akakipachika kwenye unyayo. Kikaenea.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimeitwa na sungusungu, walinzi wa kijiji. Mzee Mahona, mkuu wao, kasema mwano wa uongo ni mbaya kuliko wizi, kwa sababu siku nyingine watu watasita na mtu atakufa. Faini yangu ni kuwalisha wote waliokimbia. Nikaomba wanikopeshe unga. Hakuna aliyecheka. Wamechukua unga wetu wa mwisho na mbuzi wote. Wamekula uani kwangu, wakanawa, wakaenda. Mhoja peke yake hakula. Kapita bila kunisalimu, na hilo limeniuma kuliko mbuzi.

Jumamosi, 12 Aprili
Minza amekwenda kwao Shishiyu na watoto. Kasema njaa anaiweza. Asichoweza ni mtu aliyemwacha akae chini kwenye matope akimlilia tembo asiyekuwepo. Jioni sikuwasha moto. Nimelia, naandika hivyo kwa kuwa hakuna anayeniona.

Jumanne, 15 Aprili
Josia, shemeji yangu, amekuja kwa baiskeli. Baba mkwe ananiita nikasaidie kwenye pamba, tutakula kwake mpaka mavuno. Minza hajasema atanisamehe, ila hajakataa niende. Mtoto wetu mdogo ananiulizia kila asubuhi. Nilishukuru sana. Karibu nifunge mzigo.

Halafu Josia akataja, katika mazungumzo tu, kwamba mtu akijeruhiwa na tembo kifuta machozi anacholipwa kinazidi kifuta jasho cha mahindi. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nimemwambia atangulie, mimi nina shughuli kidogo. Amepanda baiskeli peke yake.

Mguu wa kushoto, kusema kweli, huwa siutumii sana.