Binti Yangu Amekataa Kulala Chali

Esbjerg, 27 Machi

Kwa Bibi Tove Ravnkilde,
Muuguzi wa Watoto Wachanga wa mtaa wetu.

YAH: MTOTO VIGGA KUKAIDI AGIZO LA KULALA CHALI, NA OMBI KWAMBA AITWE NA KUONYWA KWA MAANDISHI

Bibi Muuguzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na baiskeli yako nzima pia, maana upepo wa wiki hii haukumwonea mtu huruma. Sisi kwa afya hatujambo. Kwa nidhamu hali si nzuri, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Huenda umenisahau, kwa kuwa wazazi ni wengi na wote wana macho mekundu. Mimi ni Torkild Brøndum, baba yake Vigga, yule uliyemkuta akipima kwa rula nafasi kati ya fito za kitanda cha mtoto. Kazi yangu ni ukaguzi wa kreni bandarini. Kwa miaka kumi na moja nimewaambia watu wazima wenye mabega mapana, "Shuka, hujafunga mkanda," nao wakashuka. Tangu mwezi wa pili niko nyumbani kwa likizo ya malezi, kwa kuwa mke wangu Maiken amerudi kufundisha shuleni. Sasa ninasimamia mtu mmoja tu. Ana miezi sita kasoro wiki moja na uzito wa kilo saba na nusu, na ananishinda.

Ulipotutembelea mara ya kwanza ulituachia karatasi. Mtoto alazwe chali kila anapolala. Godoro liwe gumu na lisiwe na mteremko. Kitandani pasiwe na mto, wala mdoli, wala nguo inayoweza kumfunika uso. Nilifurahi sana kuisoma, Bibi. Ni maagizo mafupi, yanaeleweka, na bandarini hatuna mazuri kama hayo. Niliibandika ukutani kando ya kitanda, usawa wa macho ya mhusika, na kwa miezi mitano mhusika aliizingatia bila kosa. Naomba sasa nikueleze yaliyofuata.

1. Jumanne tarehe 11 Machi, saa sita na dakika arobaini mchana, nilimlaza Vigga chali baada ya maziwa. Dakika tatu baadaye nilirudi kuchukua kikombe changu nikamkuta kifudifudi, shavu moja godoroni, magoti chini ya tumbo, makalio juu, kama chura anayejiandaa kuruka. Nikamgeuza. Nikatoka. Nikarudi. Chura. Siku ile nilimgeuza mara kumi na nne, na jedwali nimeliambatanisha. Utaona kwamba kuanzia mara ya tisa alikuwa akicheka huku amefumba macho, jambo ambalo kwa mtu mzima ningeliita dharau kazini.

2. Anafanya makusudi. Sisemi hivi kwa hasira, nasema kwa uchunguzi. Nikikaa kitini kando yake, analala chali na kunitazama kwa upole, kama fundi aliyevaa kofia ngumu kwa sababu amemwona mkaguzi akija. Nikifika mlangoni, ananyanyua mguu mmoja. Nikifika jikoni na kumimina kahawa, kazi imekwisha. Nimejaribu kutoka kinyumenyume. Nimejaribu kutoka kwa kutambaa. Alhamisi ile nilijificha nyuma ya pazia kwa dakika ishirini, naye akasubiri dakika ishirini. Aliyeniona ni mleta barua, kwa upande wa dirishani, nimesimama kati ya pazia na kioo nikiwa na soksi tu. Aliinua kofia kwa heshima. Tangu siku hiyo barua zetu anazisukuma mlangoni haraka na kuondoka.

3. Nikaona niingilie kati kitaalamu. Nilikunja taulo mbili za kuogea zikawa mafurushi magumu, nikaziweka huku na huku ubavuni mwake, kama vile vizuizi tunavyoweka chini ya magurudumu ya kreni. Ilikuwa kazi safi. Maiken aliporudi saa tisa alisimama mlangoni mwa chumba bila kuvua koti, akauliza kwa sauti ya darasani, "Torkild, hebu nisomee. Karatasi ya muuguzi inasemaje kuhusu taulo?"

Nikasoma. Inasema kitu chochote laini kisiwekwe kando ya mtoto, hata kwa nia ya kumzuia asigeuke, kwa sababu kinaweza kumziba pumzi.

"Haya. Sasa nani kavunja sheria humu ndani?"

Bibi, swali hilo sijawahi kuulizwa na mtu tangu nianze kazi. Taulo niliziondoa saa ileile. Kisha nikajiandikia onyo, nikalitia sahihi, nikalibandika chini ya karatasi yako. Nayataja haya ujue kwamba katika nyumba hii haki inatendeka. Tatizo ni kwamba anayeonyeka ni mmoja tu.

4. Lalamiko la nne lilimhusu mke wangu. Juzi ameisoma barua hii na kulifuta. Naheshimu uamuzi wake.

5. Mama mkwe wangu, Mama Ragnhild, huja kila Jumatano na mkate mweusi na ini la kusaga la kupaka. Kila nikimweleza hali ilivyo, hunijibu neno lilelile: "Mwanangu, mwache mtoto alale." Nami nilikuwa nimeshaambiwa na Maiken kwamba mama yake alimlaza kifudifudi utoto wake wote, kwa amri ya wauguzi wa wakati ule. Nikaunganisha mambo hayo mawili. Nikamjua mwalimu wa Vigga ni nani.

Nafasi ya kufundisha alikuwa nayo. Kila Jumatano, baada ya kula, humtoa Vigga akalale nje kwenye kigari chake cha kusukumwa, kama watoto wote wa huku, chini ya dirisha la jikoni, nami huamriwa nikae nimalize mkate. Jumatano ya wiki iliyopita niliuacha mkate, nikatokea mlango wa chumba cha kufulia, nikazunguka nyumba nimeinama ili nimkamate akifanya.

Nilichokiona ni hiki. Alifuta mikono kwenye aproni. Akamnyanyua Vigga, akamlaza chali. Skafu yake ilikuwa imeangukia pembeni ya kigari, akaiondoa akaifunga kiunoni. Akapitisha vidole viwili shingoni mwa mtoto kuona kama ana joto sana. Kisha akavuta kigoda, akaketi. Hakusoma gazeti wala hakufuma. Alikuwa akiangalia kifua cha mtoto kikipanda na kushuka, basi. Baada ya muda Vigga akajigeuza kifudifudi. Mama Ragnhild akainama, akahakikisha pua iko wazi, akamwacha.

Nikakohoa. Akasema bila kugeuka, "Njoo ukae, wewe uliyejificha kama mwizi wa nguo."

Nikaenda nikakaa kwenye ndoo. Ndipo akanisimulia habari ambayo hata Maiken alikuwa hajawahi kuisikia. Maiken alipokuwa mchanga, mtaa wao ulikuwa na muuguzi mmoja mwenye sauti kubwa aitwaye Ebba. Ebba aliwafundisha akina mama wote kulaza watoto kifudifudi, kwa sababu ndivyo yeye alivyofundishwa, nao wakatii. Miaka ilipopita na ukweli ukajulikana, kwamba kulala hivyo kunaweza kumkatiza mtoto mchanga pumzi, Ebba alikuwa karibu kustaafu. Angeweza kunyamaza. Badala yake alipanda baiskeli akaanza kupita kila nyumba aliyowahi kufundisha, hata zile ambazo watoto walikuwa wameshaanza shule, anavua kofia mlangoni na kusema kwamba alikosea, na kwamba wawaambie wadogo zao na majirani zao walaze watoto chali.

"Kwetu aliingia, tukampa kahawa," Mama Ragnhild alisema. "Nyumba ya tatu kutoka kwetu alisimama nje ya geti muda mrefu sana. Pale palikuwa na mtoto wa kiume, alilazwa mchana, hakuamka. Ebba hakuweza kubisha hodi. Mwisho mama wa mtoto akatoka mwenyewe, akamshika mkono, akamwingiza ndani."

Upepo ulikuwa unapiga turubai la kigari, naye alilishika kwa mkono mmoja lisipige kelele.

"Kumlaza chali ni kazi yetu," akaendelea, "na tusiichoke hata siku moja. Lakini akishajua kujigeuza mwenyewe, kwenda na kurudi, hiyo ni kazi yake. Wewe baba Vigga unataka kumfanyia na kazi yake."

Nilimwomba radhi kwa kumshuku. Akaniambia mkate wangu utakuwa umekauka. Bibi, nilikusudia kumshtaki mwanamke huyu kwako, na sasa sijui nimweke wapi. Namwacha hapa kwenye namba tano kwa sababu namba nilikuwa nimeshazipanga, lakini naomba asiitwe.

6. Lalamiko la mwisho linakuhusu wewe. Jumatatu nilikupigia simu nikitaka hatua zichukuliwe. Ukaniuliza kama Vigga anajigeuza pande zote mbili. Nikajibu ndiyo, kama samaki kwenye kikaango. Ukaniuliza kama kitanda ni kitupu. Nikajibu ni kitupu kuliko ofisi yetu siku ya Ijumaa jioni. Ndipo uliposema niendelee kumlaza chali kila mara mpaka atimize mwaka, ila akijigeuza mwenyewe nimwache hivyohivyo. Maneno yako nimeyaandika: "Ukishamlaza chali, Baba Vigga, nenda kanywe kahawa yako ingali moto."

Halafu ukacheka. Halikuwa cheko dogo, Bibi. Ilibidi niisogeze simu mbali na sikio. Vigga akakusikia, akacheka naye, akiwa kifudifudi.

Unaona uliponifikisha? Sheria inanibana mimi na kumwachia yeye. Bandarini nikisimamisha kreni, nayo ikajiwasha yenyewe na kuendelea kupakua, hakuna anayeniambia nikanywe kahawa.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Vigga aitwe ofisini kwako Jumanne ijayo, na mimi niruhusiwe kumbeba kwa kuwa hajui kutembea. Apewe onyo kwa maandishi, kwenye karatasi nene, kwa sababu jedwali la kwanza aliliramba mpaka mistari ikapotea. Akikaidi tena, lifanyike baraza, na bibi yake amtetee. Najua nitashindwa lakini taratibu zitakuwa zimefuatwa. Na ikiwa hata baraza litamshinda, basi shauri lipelekwe bungeni Kopenhageni ili maana ya neno "chali" ipanuliwe kisheria, itambue na upande wa pili, na mwanangu apate kuwa raia mwema bila kubadili anavyolala. Nimeshaandika rasimu. Maiken amesema hiyo nayo ataifuta.

Nitasema jambo moja nje ya utaratibu. Bandarini mzigo ukining'inia, nachora mstari mwekundu chini, watu wote wanakaa nyuma ya mstari, nami narudi nyumbani nikiwa na amani. Humu chumbani nimetafuta mahali pa kuuchora mstari huo nikakosa. Kila nikitoka nahesabu pumzi zake mpaka mlangoni, na nikifika mlangoni huwa nasahau nimefika ngapi, basi inabidi nirudi kuanza upya. Hivyo kahawa yangu haijawahi kuwa moto tangu mwezi wa pili, na kosa la hilo si la mtoto. Lakini barua ya malalamiko lazima iwe na mlalamikiwa, na wa karibu niliyekuwa naye ni yeye.

Nisalimie wauguzi wenzako wote hapo kituoni, na yule bwana wa mapokezi aliyenipokelea simu mara nne Jumatatu bila kubadilisha sauti. Mama Ragnhild anakusalimu, anasema siku ukipita mtaani usiache kuingia. Maiken anakusalimu na anaomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Vigga hasalimii, amelala, na jinsi alivyolala unaijua.

Wako katika kuzingatia usalama,

Torkild Brøndum
Mkaguzi wa Kreni (aliye likizoni)

N.B. Nilikuwa nimeshika bahasha nikaona nyumba imekuwa kimya kupita kawaida. Nimekwenda kuangalia. Bibi, amelala chali. Mikono juu ya kichwa, miguu imetawanyika, mdomo wazi, kama picha iliyo kwenye karatasi yako. Nimesubiri dakika tano, hajageuka. Nimetoka hadi jikoni, nimemimina kahawa kwa kelele, nimerudi, hajageuka. Dakika arobaini chali mfululizo! Hajawahi kufanya hivi tangu tarehe 11. Nimempima joto, hana homa. Nimempigia Maiken shuleni, amekata simu. Nimekupigia wewe, bwana wa mapokezi amesema uko njiani kwa mtoto mwingine. Mwisho nimeshindwa kuvumilia, nikamgusa kidole cha mguu kidogo tu, nione. Amefumbua jicho moja, amenitazama kwa muda, amenyanyua mguu, akajibingirisha kifudifudi, akaweka shavu, akapandisha makalio juu, akaanza kukoroma. Namshukuru Mungu, mtoto ni mzima. Tafadhali usimwite, wala usichukue hatua yoyote.