Printa Yangu ya Leza na Karatasi za Mzee Wangila

Jumatatu, 9 Juni
Biashara imezaliwa! Nitachapa hapa hapa sebuleni, Lurambi: barua, mitihani ya shule, programu za mazishi. Ayuma, mke wangu, amekubali tununue printa kwa pesa ya ndama, lakini kwa sharti. Anasema huu ndio mradi wangu wa mwisho. Ule wa kuangua vifaranga tuliumaliza kwa kula mayai ya kuchemsha wiki mbili. Huu nao ukifeli, nitaenda Kabras kumkatia kaka yake miwa. Mimi! Mtu aliyepata B ya Kiswahili!

Phanuel wa ng'ambo ya barabara, mwenye printa ya rangi na bango la maua, amenicheka kutoka nyuma ya ua wake. Ameuliza nani atakubali kuzikwa na picha isiyo na rangi. Nimemjibu kwamba msiba si sherehe. Jibu zuri sana. Ameendelea kucheka.

Jumanne, 10 Juni
Nimeshinda kwenye simu nikilinganisha printa. Zimebaki tatu. Ya kwanza inageuza karatasi yenyewe na kuchapa pande zote mbili. Ya pili ina waifai. Ya tatu haina chochote ila bei nzuri.

Ayuma ameuliza jambo moja tu: tona yake, ule wino wa unga, inatoa kurasa ngapi, na mpya inauzwaje? Nimemweleza kwamba hilo ni swali la mtu asiye na maono. Tona ni mambo ya baadaye. Akasema hayo ya baadaye huwa yanafika. Nimejifanya nina shughuli.

Jumatano, 11 Juni
Nimeinunua! Ile ya tatu, bila shaka.

Nilienda dukani na Chrispinus, dalali wa ng'ombe kule Lubao, maana kwa kushusha bei hana mpinzani. Aliizunguka printa mara mbili. Akafungua trei, akachungulia ndani kama anayehesabu meno. Akaiinua, akatangaza kwamba imekonda na haiwezi kuuzwa bei ya mnyama mzima. Muuzaji alichoka, akapunguza.

Kisha muuzaji akaanza kunieleza kwamba tona inayokuja na mashine ni ya kuanzia tu, haijajazwa. Chrispinus akanivuta shati. Alisema muuzaji akianza maneno mengi ujue amejutia bei, tuondoke haraka. Tukaondoka mbio.

Jioni nimechapa jina langu. Weusi wa kupendeza! Nikachapa matangazo mengine hamsini na kuyabandika kila mahali, mpaka kwenye ua wa Phanuel.

Alhamisi, 12 Juni
Simu! Mzee Wangila, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa miwa, Kabras. Anataka karatasi za kula mia mbili kwa mkutano wa kesho. Kazi ikiwa safi, nitawachapia kila kitu mwaka mzima.

Ayuma akauliza kama mzee hakumaanisha kura, kwa kuwa kikundi kinachagua viongozi mwezi huu, na mzee naye r humtoka kama l. Nikamuuliza mwenye B humu ndani ni nani. Kula ni kula! Nikatunga maneno mwenyewe: "Mwenye karatasi hii apewe obusuma, ingokho na soda moja." Ugali na kuku, kwa lugha ya nyumbani. Nikaongeza picha ya kuku. Kuku mnene, mwenye heshima zake. Zote mia mbili zimetoka, ila kuku wa mwisho amefifia miguu.

Ijumaa, 13 Juni
Aibu! Aibu tupu!

Nilizipeleka mwenyewe mkutanoni Kabras. Wakulima walisoma karatasi zao, wakauliza jikoni ni wapi. Mzee Wangila akauliza majina ya wagombea yako wapi. Wapiga kura mia mbili, na hakuna hata sufuria moja! Mzee mmoja alisema yeye atampigia huyo kuku.

Nikampigia Ayuma achape nyingine upesi. Alisema printa imewasha taa nyekundu, tona imekwisha, na mpya inakaribia bei ya printa yenyewe. Nilitazama nje dirishani. Miwa, mpaka macho yanapoishia. Nilihisi panga mkononi. Niliogopa kweli.

Mzee Wangila akaninyang'anya simu na kumfokea Ayuma. Ayuma akamwambia kwa upole kwamba upande wa pili wa karatasi ni mweupe. Wazigeuze, kila mtu aandike jina la amtakaye.

Wakageuza. Wakaandika. Nilimpenda Ayuma pale kuliko siku ya harusi. Mzee Wangila amerudi kitini, kuku amepata kura kumi na moja, na sisi tumepewa kazi ya mwaka mzima. Sharti ni moja: maagizo yote ayapokee Ayuma. Mimi nibonyeze kitufe tu.

Jumapili, 15 Juni
Tona mpya imo ndani, imejaa. Ayuma ameenda kanisani na kusahau simu ya kazi mezani. Ikaita. Ningefanyaje, niikodolee macho?

Alikuwa Bi Umi wa Mumias, mwenye salamu ndefu na sauti tamu. Anataka kadi mia tatu za kuwaalika watu kwenye karamu ya bintiye, Swafia. Alitamka polepole: ka-ra-mu.

Wiki iliyopita ningenaswa! Lakini mtu hujifunza. Sasa nawajua watu wetu na hizo r na l zao. Sikutaka kumwaibisha mama wa watu kwa maswali, nikamsahihishia kimyakimya. Kadi zote mia tatu ziko tayari, herufi nene, weusi wa kung'aa: "Mnakaribishwa nyote kwenye KALAMU ya Swafia."

Chini nimeweka picha ya biro.