Mwongozo wa Wageni wa Harusi ya Ye-rin

Jumatano, 14 Mei
Ushindi! Mpwa wangu Ye-rin anaolewa Jumamosi hapa Jeju na Callum, kijana wa Australia, na kuandika mwongozo wa wageni nimepewa mimi, mjomba mtu. Kikorea na Kiingereza. Gwak, baba mdogo wa Ye-rin, aliitaka sana kazi hiyo. Anadai Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Wivu tu! Ye-rin kaniomba jambo moja: Mjomba, chonde, usiniaibishe kwa wakwe.

Alhamisi, 15 Mei
Kikorea, kurasa kumi na moja. Kiingereza, mistari mitatu. Usivae nyeupe. Toa bahasha ya pesa mapokezini, upewe tiketi ya chakula. Nenda ukale. Basi! Kwani sisi Wakorea hatufanyi hivyo? Nusu ya wageni huwa mezani bwana harusi hajaingia, na hakuna anayenuna. Gwak kauliza mbona sherehe yenyewe haimo. Nikamjibu mtu mzima haambiwi akae harusini.

Ijumaa, 16 Mei
Nimegawa. Lorraine, mama yake Callum, kanishukuru sana, kaapa kufuata kila neno. Mama muungwana!

Jumamosi, 17 Mei
Saa tano kamili. Upande wa bwana harusi viti arobaini, vyote vitupu. Mama wa bibi harusi na wa bwana harusi ndio hufungua sherehe kwa kuwasha mishumaa. Dada yangu, mama yake Ye-rin, kasimama peke yake na mshumaa wake. Gwak kauliza kwa sauti kama wakwe wamesusa. Dada machozi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mbio hadi ghorofa ya chini, kwenye chakula. Wapo! Wote arobaini wanakula, mwongozo wangu kando ya sahani. Lorraine, mguu wa kaa mkononi, kaomba radhi: wanajitahidi, ila chakula ni kingi, je, lazima wamalize? Nikamshika mkono, tukapanda ngazi mbili mbili. Kawasha mshumaa wa buluu, ule wa upande wa bwana harusi, kwa vidole vya mafuta. Ndoa ikafungwa! Nililia kuliko bibi harusi. Ye-rin kanikumbatia, kasema yamekwisha, Mjomba, ila kalamu uiweke chini.

Jumapili, 18 Mei
Ahueni! Nimelala kama mtoto. Kosa nimeshaligundua: ukumbi ulikuwa mbali mno na chakula. Binti wa Gwak anaolewa na Mjerumani mwezi wa kumi. Kijerumani sijui hata salamu. Nimeshaandika kurasa mbili.