Mkurugenzi wa Cherehani

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu karudi kutoka chuoni na neno jipya: weledi. Semina nzima! Kuwahi, kumtazama mtu usoni, kuujua udhaifu wako na kuusema. Nimemwambia yeye hana udhaifu, mimi ndiye niliyemzaa. Ameomba mafunzo kazini kwenye ofisi ya wachora ramani za majengo. Nafasi ni moja tu, na kijana wa jirani wa ghorofani anaitaka hiyohiyo. Jirani huyo namwita Mama Tai, maana mwanawe havui tai hata akienda kununua mkate.

Jumanne, 5 Machi

Kumbe kwenye maombi panatakiwa mdhamini, mtu wa kupigiwa simu aulizwe habari zako. Binti kaniandika mimi! Miaka mitatu ananisaidia kupima na kukata nguo. Nimelia kidogo. Kisha hofu: darasa la tano lenyewe sikulimaliza. Mama Tai akapita kunijulisha kwamba mdhamini wa mwanawe ni meneja, tena ana katibu wa kupokea simu. Akacheka kwa kuziba mdomo. Haya. Na mimi nitakuwa na katibu.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi bafuni tangu alfajiri. Katibu: sauti nyembamba, ya puani. Mkurugenzi: nzito, ya tumboni. Binti akagonga mlango kuuliza niko na nani humo. Nimesema na mafua. Akaenda kuhojiwa kwenye ofisi ile. Sketi niliyomshonea ilikaa! Hata Mama Tai aligeuka.

Alhamisi, 7 Machi

Simu saa nne. Pini mdomoni! Nikazitema. Katibu akasema ofisi ya mkurugenzi, tafadhali subiri. Nikahesabu hadi kumi. Mkurugenzi akaitikia vizuri kabisa. Mara mteja, nyuma ya pazia, akauliza kwa kelele kama zipu yake imekwisha. Mkurugenzi akamjibu kwa sauti ya katibu.

Mama wa ofisini aliyepiga simu akakohoa, akauliza udhaifu wa binti. Jibu nililoliandaa likanikimbia. Nikasema, "Akikosea mshono hufumua wote aanze upya, hata mteja awe mlangoni. Hajui kufunikafunika, mwanangu huyu."

Mwanangu! Nikakata simu. Binti sijamwambia. Chakula cha jioni amekula yeye, mimi nimekiangalia. Nimemharibia mtoto.

Ijumaa, 8 Machi

KAPATA!

Kumbe Jumatano walimuuliza mdhamini wake ni nani. Akajibu bila kupepesa macho: ni mama yangu, fundi cherehani, na huenda akajigeuza watu wawili, naomba mumvumilie. Ukuta wa bafu ni mwembamba. Mama wa ofisini kasema kwao ukuta ukichorwa vibaya nyumba huanguka, anataka mtu wa kufumua.

Binti kanishika mikono. "Mama, kilichonisaidia ni ule ukweli wako wa mwisho. Siku nyingine anza nao."

Nimetikisa kichwa kukubali. Mtoto bado mdogo, hajui mambo ya ofisi. Aliyefanya kazi ni katibu.

Jioni Mama Tai kashuka taratibu, bila kicheko; habari za katibu zimemfikia. Mwanawe ataomba kwingine, je, katibu wangu anaweza kumpokelea simu? Nimemwambia tuna shughuli nyingi, ajaribu Jumatatu.

Bafuni sasa nafanyia mazoezi sauti ya mlinzi wa getini. Ofisi yenye weledi haikosi mlinzi.