Mifuko ya Ronah Inaoza, Dakta

Bwera, Kasese

Kwa Mheshimiwa Dakta Muhwezi,

Pole na kazi, baba. Mimi ni Eseza, mama yake Ronah, yule msichana mrefu wa maabara yako anayetengeneza nyuzi za plastiki kutoka mahindi, ili mfuko ukitupwa uoze. Niliishia darasa la nne. Ukiona kosa ni langu. Ukiona neno zuri, limetoka kanisani.

Naomba kwa heshima umwachishe mtoto wangu kazi hiyo. Sababu ziko hapa:

1. Nilimlisha mahindi ya Mubuku mpaka akapata akili. Akili yenyewe ameitumia kuyageuza mahindi kuwa uzi.

2. Krismasi aliniletea mifuko hiyo. Nikaifua kwa sabuni, nikaianika kwenye kamba, nikaitumia, nikaifua tena, kama tunavyofanya huku na kavera yoyote, mifuko ya plastiki ya dukani. Nani anatupa mfuko mzima? Mmoja nikautilia maharagwe ya mbegu, nikausukuma chini ya kitanda. Mvua ikaja, maji yakaingia, mfuko ukaenda zake, maharagwe yakaota. Nimelala juu ya shamba, Dakta, wala sikujua.

3. Mfuko mwingine uliliwa na mbuzi wangu, tena ana mimba. Mwaka jana nilizika mwenzake, tumbo limejaa kavera, kwa hiyo nilijua mwisho wake. Nikalia, nikamwita Masereka mchinjaji amuwahi. Masereka akaja na kisu, akangoja, akala ugali wangu, akanywa chai, na mbuzi anamwangalia tu akicheua. Akaondoka amenuna. Sokoni sasa mimi ni Mama Matanga ya Mbuzi.

4. Hili ndilo linaninyima usingizi. Mtoto wa jirani yangu Kellen ni fundi wa nyumba, na Kellen ananionyesha nyumba. Mimi, wakiniuliza kanisani Ronah anafanya nini huko, nitaonyesha nini? Kazi yake ikifaulu, haionekani. Ikionekana, ameshindwa. Nitawapeleka watu waangalie udongo?

Basi mrudishe nyumbani, au mpe atengeneze kitu kinachobaki, hata kamba.

Nisalimie mama watoto, askari wa geti, na huyo anayempikia mwanangu chakula cha mchana. Amwongeze, amekonda.

Mimi mwenye wasiwasi,
Eseza, mama Ronah

N.B. Nilipokuwa natafuta bahasha, mbuzi amezaa mapacha. Wamesimama, wananyonya. Ningeandika upya, lakini karatasi ilikuwa moja. Usimrudishe Ronah, baba. Jumapili nitawabeba hawa wawili mpaka kanisani, wakiniuliza niwaonyeshe.