Bolti Nane Kwenye Maharage

Jumatatu, 8 Julai 2024
Jirani yangu Vénant amerudi kutoka Mbarara na viti vya gari lake vimevikwa mahameli nyekundu. Nyekundu! Amepita hapa Juru mara tatu, polepole, madirisha wazi. Jumamosi Belyse anaolewa, na mama yake, Mama Marcienne, bado hajachagua gari la kumpeleka kanisani. Mimi pia nina gari. Viti vimechanika, basi. Roho inaniuma, sifichi.

Jumanne, 9 Julai
Nimeng'oa viti vya mbele mwenyewe, uani. Kazi ndogo! Bolti nane nimezitia kwenye beseni la maharage ya Madeleine, mke wangu, zisipotee. Nimevua vitambaa na kupanda taksi pale kituoni Rwekubo hadi kwa fundi cherehani Mbarara. Nimemwambia: nyekundu kuliko ya Vénant.

Alhamisi, 11 Julai
Vitambaa vipya vinang'aa! Beseni tupu. Madeleine akasema, "Papa Divine, ile maharage nilishapeleka kwa Mama Marcienne. Batu bote banachangia ndoa." Niende kuomba mchango urudi? Aibu! Nimefunga viti kwa waya.

Ijumaa, 12 Julai
Mama Marcienne amekuja kukagua gari. Nimemkalisha mbele. Amesifu mahameli, amesema ya Vénant haifikii hii. Furaha! Nikakanyaga mafuta. Waya ukakatika. Mama Marcienne akaenda chali, miguu juu, kitenge usoni, akimwita Bikira Maria. Vénant alikuwa barabarani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi, 13 Julai
Bibi harusi amepanda gari la Vénant. Hilo ningelivumilia. Lakini mezani Vénant ananieleza kwamba viti vyake vilikuwa vinacheza tangu Pasaka. Juzi wamama wakichambua maharage ya harusi wamekuta bolti nane, wakamwita yeye. Yeye! Eti nani mwingine ana gari la maana? Akazifunga kwenye viti vyake. Kwa hiyo bolti zangu zimembeba Belyse. Nikizidai, Mama Marcienne atajua nilimkalisha juu ya waya. Nimekula tu. Maharage yalikuwa matamu, hata hayo yameniudhi.

Jumapili, 14 Julai
Baada ya ibada nimeona: Vénant amevika mahameli hata usukani! Nimerudi nyumbani mbio. Usukani wangu unashikwa na nati moja tu. Moja, si nane! Mtu atapotezaje nati moja? Nimeshaifungua. Nimeiweka salama, kwenye mchele wa Madeleine.