Sahihi Nne Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 3 Machi

Ripoti imekamilika! Kurasa ishirini na sita, zimechapwa. Miezi miwili nimeichunguza familia yangu bila wao kujua. Isipokuwa Bibi, ambaye kila nikijificha nyuma ya pazia huniuliza kama miguu haijachoka.

Idara ya Uhusiano wa Kifamilia na Makuzi ya Binadamu, kule chuo kikuu, inatoa nafasi kwa mwanafunzi wa sekondari kuhudhuria kozi yao ya likizo. Nafasi moja tu! Ni yangu. Nani mwingine ana jedwali la hatua za maisha la ukoo mzima, tena la rangi?

Kwa mujibu wa jedwali: Baba, fundi wa friji, yuko "kilele cha mamlaka". Mama, karani wa mafaili zahanati, "kilele cha uchovu". Mjomba, mdogo wake Mama, alikuja kukaa wiki mbili akitafuta chumba. Huu mwaka wa nne. Ana miaka thelathini na minane. Kitaalamu alipaswa kuondoka nyumbani akiwa na ishirini na mitano. Bibi, mama yake Mama, mkunga mstaafu: "utegemezi".

Nimeiacha ripoti mezani kwa mwalimu wa ushauri alipokwenda kunywa chai. Angekuwepo, ingebidi tuongee.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Mwalimu ameirudisha. Anasema nimesoma ukurasa wa kwanza tu wa tangazo. Wa pili unataka kila aliyetajwa asome habari zake na atie sahihi kwamba ameridhia. Mwisho Ijumaa, saa sita mchana.

Asome! Watu wanne, na wote nimewaandika ukweli.

Mpango wa kwanza: wasaini bila kusoma. Nikamkuta Baba kibarazani, kichwa kiko ndani ya friji la mteja, tochi mdomoni. Nikampa karatasi na kalamu. Akasaini! Ushindi. Nilipofika chumbani nikaona alichoandika chini ya sahihi: "Gesi imejazwa. Haina dhamana."

Mama hafanyiwi hivyo. Mama husoma mpaka mgongo wa pakiti ya chumvi. Akasema sahihi isiyo na tarehe si sahihi, na anataka ripoti nzima. Nikamwambia imepotea. Akasema mafaili yaliyopotea ndiyo kazi yake. Dakika tatu. Chini ya godoro langu.

Jumatano, 5 Machi

Mazungumzo magumu. Mama anataka "uchovu" utoke, iandikwe "subira". Nimebadilisha.

Kwa Mjomba nilipitisha dodoso chini ya mlango, ili kuepuka maneno. Likarudi baada ya muda. Swali la nne, "Kwa nini bado unaishi hapa?", amejibu: "Sijui. Wewe unaonaje?" Kisha akatoka mwenyewe, akanikalisha. "Profesa," akasema, "mimi sijachelewa kuondoka. Mimi niko njiani." Anataka hatua yake iitwe "mpito". Nimeandika mpito. Akataka iongezwe kwamba ana sauti nzuri ya kuimba. Nimeongeza. Sayansi imedhalilishwa vya kutosha kwa siku moja.

Bibi alisoma taratibu, miwani puani, kalamu ya bluu mkononi. Hakusaini. Alipofika kwenye "utegemezi" akauliza: hapa nyumbani nani anamtegemea nani? Na kichwa changu mimi, mjukuu wake, kilisukwa na nani jana? Nikasema hilo ni swali zuri na litashughulikiwa. Akaondoka na ripoti yote kwenda nayo juani.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzito.

Baba aliamua asome alichosaini, akaichukua ripoti kwa Bibi. Akafungua ukurasa usio wake. Wa kumi na nne! Nimeandika hapo: "Mama humwambia Baba kwamba amemtaka Mjomba atafute chumba. Mama humwambia Mjomba asihangaike." Nilikuwa nimeisahau sentensi hiyo. Ni sentensi nzuri sana.

Baba akauliza: miaka minne yote? Mama akasema ni damu yake yule, alitaka amtupe nje kama friji bovu? Baba akajibu kwamba hata friji bovu huletwa na tarehe ya kuchukuliwa. Mjomba akasema jamani, msigombane kwa ajili yangu. Akaingia chumbani. Akatoka na begi.

Nikaandika: saa kumi na dakika ishirini alasiri, hatua ya kuondoka nyumbani yafikiwa mbele ya macho ya mtafiti! Miaka kumi na tatu baada ya muda wake, lakini yafikiwa!

Ila Mama alikuwa analia. Kweli kweli, kwa ncha ya kanga. Nikashindwa kuandika mstari uliofuata. Nadhani kalamu iliishiwa wino.

Bibi akaja kibarazani, ripoti imesharudi kwapani mwake. Akamuuliza Baba taratibu: "Mwanangu, friji la yule wa bucha, nani alilinyanyua?" Baba kimya. "Na lile la ghorofa ya tatu?" Baba akashika kiuno. Mjomba alikuwa tayari getini. Baba akatazama juu, akatazama chini, halafu akatangaza, kama anayesoma hali ya hewa, kwamba kesho kuna friji la milango miwili.

"Basi niliweke ndani hili begi, shemeji," Mjomba akasema, "nisije nikachoka mikono bure."

Mama akacheka huku machozi bado yanamtoka. Bibi akasema haya, sasa msainieni mtoto. Wakasaini wote, na tarehe. Sahihi nne! Sijui imetokeaje. Mbinu zangu zinafanya kazi kwa siri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua ripoti saa tatu asubuhi. Bibi ameandika pembezoni mwa KILA ukurasa. Wino wa bluu!

Penye "utegemezi": "Nimezalisha wanawake miaka thelathini na mmoja. Nimepokea watoto wa dakika moja wenye akili kuliko jedwali hili." Kwa Baba: "Akinyamaza, amekubali. Akikubali kwa mdomo, bado." Kwa Mjomba: "Mume wangu alifariki huyu akiwa na miaka sita. Mpaka leo hali chakula kabla ya kuhesabu kama wote tumerudi." Miezi miwili nimemchunguza Mjomba akila. Sikuliona hilo. Bila shaka ni kwa sababu ya pazia.

Kwenye sura ya mbinu za utafiti: "Mtafiti ana miaka kumi na sita. Anatusikiliza kwa kujificha. Angekuja akaketi, tungemwambia."

Nikakimbia kwenye duka la kuchapa. Hakuna umeme! Saa tano na nusu. Nikaenda nayo vilevile, aibu tupu. Karani wa idara akainua uso, akasema karibu. Nikaogopa. Nikaiweka bahasha juu ya meza na kutoka mbio.

Alhamisi, 20 Machi

Barua imekuja! Mjomba ameisoma mbele ya wote, kwa ile sauti yake.

Haijaandikwa kwangu. Imeandikwa kwa "mwenye kalamu ya bluu". Wanamwomba aje azungumze na wanafunzi siku ya kwanza ya kozi. Anaruhusiwa kuja na ndugu mmoja wa kumsaidia. Kuhusu ripoti yenyewe wameandika neno moja: "Tumeisoma." Nafasi imekwenda kwa mwingine.

Mama akanishika bega. Baba akanyamaza. Bibi akasema ndugu wa kumsaidia ni mimi, au haendi mtu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeketi ndani ya idara! Safu ya nyuma, mkoba wa Bibi mapajani. Bibi aliongea saa nzima bila karatasi. Walicheka, kisha msichana mmoja akafuta machozi. Mhadhiri aliandika mpaka akageuza daftari.

Mwishoni mhadhiri alinifuata. Akasema mwakani niombe tena, lakini kwanza nikae na watu wangu, niwaulize, niwasikilize wakinijibu. Kilichowavutia ni zile sauti za pembezoni. Niliitikia kwa kichwa mara nyingi. Nilikuwa nayafikiria maneno yake.

Na nimemwelewa. Siri ni pembezoni! Jioni hii nimenunua kalamu nne za bluu. Mwaka ujao pembezoni nitajaza mwenyewe, kila ukurasa, bila kumsumbua mtu yeyote kwa maswali. Mwandiko wa Bibi nimeshauiga karibu wote. Imebaki herufi ya g.